Jinsi Mkawasi Alivyobaki Mwanda

Mlipokuja kutupokea mimi na Mkawasi mkaniona nashuka basi peke yangu, niliwajibu neno moja tu: "Amebaki." Nilikuwa nimechoka, nina vumbi mpaka kwenye kope, na sikufikiria neno hilo lingewafanya nini. Kesho yake Otieno akaniletea sukari na majani ya chai kama mtu anayekwenda matangani, na Rehema akakaa nami jikoni amenishika mkono. Nawashukuru. Lakini hakuna aliyekufa, na hakuna aliyeolewa isipokuwa yule bibi harusi tuliyemwendea.

Nimeona afadhali niandike jambo lote tangu mwanzo, polepole, kwa sababu ni refu, na kwa sababu wengi wenu mna mama zenu mashambani ambao mnaahirisha kwenda kuwaona. Huenda likawafaa.

Ninyi mnatujua Mkawasi na mimi jinsi tulivyo. Kwao Mwanda, milima ya Taita, walijua hivi: anafanya kazi ya unesi Nairobi, na amepanga nyumba na "mwenzake." Basi. Ujumbe ulikuja kwa mdomo wa mtu wa kwao. Mdogo wake Mwadime anaoa. Mkawasi afike kabla ya harusi maana mama ana neno naye. Na harusi ikiisha kuna mwalimu mmoja wa hapo, mtu mpole, amefiwa na mkewe, angependa wazungumze.

Mkawasi alikaa kitandani na viatu vyake vya kazini mkononi. Akasema, "Nikienda peke yangu nitakubali. Namjua mama. Akianza kulia mimi hukubali chochote."

"Basi twende wote," nikasema.

Nilikuwa na hofu moja tu kwenye safari hii yote, nayo ni hiyo mliyoiona kwa macho yenu: kurudi peke yangu.

NAIROBI MPAKA MTITO ANDEI

Basi liliondoka vizuri. Tulipopita Sultan Hamud mkanda wa feni ukakatika, tukakaa kando ya barabara jua likiwa juu ya vichwa, utingo akadandia lori kwenda kutafuta mwingine. Watu wakashuka, wakatandaza leso, wakaanza kufungua vyakula. Sisi tulikuwa na mayai ya kuchemsha na mkate.

Karibu nasi aliketi mzee mmoja wa reli, Mluo, aliyekuwa anarudi kazini Voi baada ya likizo. Alitutazama kwa muda mrefu. Tulikuwa tumevaa sketi za buluu na blauzi nyeupe, vitambaa kichwani, kwa sababu Mkawasi alitaka tufike kwao tukiwa wa heshima. Mzee akavua kofia.

"Masista, mnatoka misheni gani?"

Nilikuwa na yai mdomoni. Mkawasi akajibu bila kupepesa macho, "Pangani."

"Pangani!" mzee akashangaa. "Pangani hii ya Nairobi? Kumbe siku hizi kuna misheni! Mungu ni mkubwa, nilidhani kule kuna baa tu."

"Zipo na baa," Mkawasi akasema.

Kuanzia hapo tukawa masista. Tulipewa kivuli cha kwanza na machungwa. Mama mmoja Mkamba akataka tumwombee mguu. Mwishowe mzee akasema si haki tuwe na masista wawili na basi lisiombewe. Mkawasi akasimama, akafumba macho, akaomba sala fupi, nzuri kabisa, bila mzaha ndani yake. Hakuwa hata ameketi baada ya "amina" utingo akatokea na mkanda begani. Sitaki kueleza jinsi watu wale walivyotutazama mpaka Mtito Andei.

Wengi wenu huniuliza, watu njiani watasema nini wakiwaona wanawake wawili, au wanaume wawili, wanaosafiri pamoja kila mahali? Nawaambia nilichokiona: msafiri hatafuti ukweli wako. Ana jina lake tayari mfukoni, anatafuta tu wa kumpa. Mara nyingi ni jina zuri. Lipokee, kula chungwa.

VOI

Tulifika Voi jioni, siku ya kupanda milimani ikiwa imepotea. Mzee wa reli alitupeleka mwenyewe kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja wa Kiislamu, mtu wa pwani aliyehamia hapo zamani, Bi Zainabu. Mzee akatuaga akisema tumkumbuke katika sala. Huwa namkumbuka.

"Karibuni wanangu," Bi Zainabu akasema. "Mwataka vyumba viwili ama kimoja?"

"Kimoja," nikasema, haraka kidogo.

"Haya. Kitanda ni kimoja lakini ni kipana. Maji ya kuoga yako uani. Mmekula? Hamjala, nawaona." Akatuletea chapati na maharagwe ya nazi, akasimama akitutazama tunavyokula. "Na waume zenu wamewaacha mje peke yenu mbali hivi?"

"Hatuna waume, Bi," Mkawasi akasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akaongeza maharagwe.

Naomba mlitazame jambo hili kwa makini, hasa Otieno, ambaye kila mara hulipia vyumba viwili na kulala katika kimoja. Kitanda hakimshangazi mtu. Katika nchi yetu wageni wawili wa jinsia moja hulala pamoja, na mwenye nyumba huona wanabana matumizi. Maswali hayatoki kitandani. Yanatoka kwenye kukosa mume, kukosa mke, kukosa mtoto. Kwa hayo uwe na jibu fupi, kisha ule.

Baada ya kula tulikaa uani, na ndipo Mkawasi aliponieleza neno la mama yake ni lipi. Nami nawaeleza, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyobaki.

Kwao Taita hasira si mali ya mtu peke yake. Mkubwa akiwa na hasira moyoni, hata akinyamaza na kutabasamu, hasira hutoka yenyewe ikamwangukia mtu wa nyumba yake: mtoto anaugua, ng'ombe anakauka maziwa. Kwa hiyo ni lazima itolewe. Jambo hilo wao huliita kutasa. Mwenye hasira hutaja kilichomkasirisha, hupiga funda la maji au pombe ya miwa, hulipuliza nje kama manyunyu, na kuomba amani. Wengi ni watu wa kanisa, na kasisi wao hapendi, lakini hufanya. Bibi harusi hawezi kuingizwa nyumba yenye hasira isiyotolewa.

"Na ni lazima kutaja?" nikauliza.

"Usipotaja ni maji tu."

"Sasa mama yako atataja nini?"

Mkawasi alikuwa akichora chini kwa kijiti. "Ndilo ninaloogopa. Atataja mbele ya shangazi na mbele ya Mwadime. Nikikataa kukaa, bibi harusi akipatwa na lolote, ni mimi. Na nikikaa, amani yenyewe itakuwa kuolewa na Mwalimu."

VOI, MWATATE, WUNDANYI

Asubuhi tulipanda basi la milimani. Mpaka Mwatate nchi ni tambarare, mkonge umepangwa mistari hadi macho yachoke. Kisha barabara inaanza kujikunja na baridi inaingia. Kwenye kona moja kali lori la kabichi lilikuwa limekwama limekata njia. Mvua ikanyesha. Dereva wa lori na dereva wetu wakajadiliana nani arudi nyuma, nao walikuwa na ukoo wa mbali, kwa hiyo ilibidi kwanza wajuliane hali za watu wote.

"Na bibi mgonjwa?"

"Anaendelea. Sasa rudisha gari."

"Rudisha wewe, una mzigo wa watu, watu wanaweza kutembea. Kabichi haziwezi."

Tukatembea. Tukavuka lori kwa miguu, tukapanda mlima na mizigo kichwani mpaka njia ilipofunguka basi likatufikia mbele. Mimi Mbukusu wa Waluhya nimezoea mashamba ya tambarare. Niliona mashamba yametundikwa ukutani kama picha, na watu wakilima humo bila kuanguka.

Jambo jingine niliona, nalo nalisema bila lawama. Kadiri tulivyopanda ndivyo Mkawasi alivyokuwa akiniondokea. Kwenye basi alihamia kiti cha mbele, karibu na mama aliyemjua. Alianza kuniita "Dada Nekesa." Tulipotoka Wundanyi kwenda Mwanda, sehemu kwa gari la mboga na sehemu kwa miguu, alitembea mbele yangu akiwaamkia watu kwa Kidawida, lugha ya kwao, na nilipotaka kumpokea mfuko alisema, "Acha, nitabeba." Wenzangu, mkienda kwao na mtu wenu, hili litawapata. Msilipime kama penzi limepungua. Mtu anaporudi nyumbani hurudi na umri wake wa zamani. Mpe nafasi.

Nasema hivyo sasa. Siku ile nilimeza mate nikafuata.

MWANDA

Mama yake Mkawasi ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Aliuza mboga Voi kwa watu wa reli miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili anakijua, ila hakipambi. Alimkumbatia bintiye akanipa mkono mimi.

"Wewe ndiye mwenzake."

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo, mgeni."

Nilipewa kiti chenye kitambaa cha kufuma, kikombe chenye maua, na sahani ya kimanga, yaani mihogo na maharage yaliyopondwa pamoja, na ilikuwa tamu. Kila niliponyanyuka kusaidia niliambiwa, "Mgeni, kaa." Wanawake wote walikuwa wakipita na kuni na masufuria, na mimi nimekaa kama picha ya gavana. Nani aliyewahi kufukuzwa kwa kitambaa cha kufuma? Mimi.

Asubuhi iliyofuata mama aliwaita watu wake jikoni, nyumba ndogo ya moto iliyo nyuma. Walikuwamo shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yake Mkawasi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, Mwadime, na Mkawasi. Mimi nilikuwa napita na ndoo niliyoinyakua kwa nguvu. Mama akaniambia nami niingie.

"Mama, haya ni ya nyumbani," nikasema.

"Nimesema ingia."

Mwadime, ambaye ni mwimbaji wa kwaya, hakupendezwa. "Mama, Jumamosi kasisi anatufungisha ndoa, na leo tunatema maji?"

"Kasisi atafunga pete zenu," mama akasema. "Kifuani mwangu hafungi wala hafungui. Kaa chini."

Shangazi akamkabidhi mama kibuyu cha maji. Mkawasi alikuwa ameinamia magoti. Mimi nilitazama moto, nikingoja kusikia jina la Mwalimu, au jina jingine baya zaidi ambalo nyote mnalijua.

"Mimi nina hasira," mama akasema. "Mkawasi alilazwa hospitali Nairobi, akapasuliwa tumbo. Nani aliniambia? Muuza vitunguu wa Wundanyi aliniambia, sokoni, mbele za watu. Alikwenda kumwona mtu wake wodi ile ile. Akaniambia mtoto wako anatunzwa vizuri, kuna mwanamke hatoki kitandani pake, anamlisha, anafua nguo zake, usiku analala kwenye kiti. Akaniuliza, yule ni nani wenu? Nikasema sijui. Mimi mama nasema sijui! Mtoto wangu ana mtu, ana nyumba, na mimi naambiwa amepanga. Hiyo ndiyo hasira. Nimeibeba, imenichosha. Itoke. Mwadime aingize mke wake kwa amani."

Akapiga funda, akapuliza maji kuelekea mlangoni. Manyunyu yakang'aa kwenye mwanga kisha hayakuwepo.

Mkawasi alikuwa analia kimya. Kibuyu kikapita kwake. Aliongea chini sana, ikabidi shangazi amwambie apaze sauti, hasira haitoki kwa kunong'ona.

"Nina hasira na mama," akasema. "Ananitafutia mume kama anayetafutia shamba mlinzi. Niliogopa kumwita hospitali kwa sababu angekuja angeiona nyumba yangu, na angeniondoa humo. Sitaki kuondolewa. Nimesema." Akapuliza. Maji mengine yakamwangukia Mwadime, naye akajifuta kwa subira ya mtu wa kwaya.

Nilidhani yamekwisha. Mama akachukua kibuyu, akakijaza tena, akaninyooshea mimi.

Sasa mnisikilize. Kwetu Bungoma mzee hukubariki kwa kukupulizia mwenyewe, wewe unasimama tu. Na mgeni akipewa kibuyu, hunywa na kushukuru. Nilikuwa nimepewa kila kitu siku nzima niliyofika kwa sababu ya ugeni. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa, nikameza, nikasema, "Asante, Mama. Maji mazuri."

Shangazi akachungulia ndani ya kibuyu.

"Amemeza," shangazi akasema.

"Amemeza!" Mwadime akarudia, kwa hofu ya kweli.

"Mambo gani haya? Yetu sote ameyashusha tumboni?" Shangazi akanikagua kama mtu anayengoja nivimbe. Kisha mama akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta. Mkawasi akacheka na machozi yake, na shangazi akacheka mwisho, kwa sauti kubwa kuliko wote. "Mpe tena! Mpe tena huyu Mluhya kabla hajapasuka. Neno kwanza, mwanangu. Neno, halafu maji, halafu nje!"

Ndipo nilipoelewa kwamba kibuyu kile hakikuwa cha wageni. Hasira ya mgeni haimdhuru mtu, huondoka naye. Hutolewa ile ya watu wa nyumba tu.

"Mimi sina hasira, Mama," nikasema.

"Anayesema hana ndiye wa kuogopwa," shangazi akajibu.

Mnajua mimi ni mtu wa kueleza mambo taratibu. Pale sikupata maelezo. Maneno yalitoka yenyewe. "Nina hasira kwa sababu naitwa mwenzake. Tangu zamani, salamu zikija, ni 'msalimie mwenzako.' Nililala kwenye kiti kile wodini, daktari alikuwa akiniuliza mimi kuna ndugu, nami nasema hapana. Mimi nina jina. Naitwa Nekesa. Nina hasira naye pia," nikamwonyesha Mkawasi, "kwa sababu hakuwaambia."

Nikapuliza. Sikujua kupuliza, maji yalinitoka kama bomba.

Mama alirudia jina langu mara mbili, polepole, kulionja. "Nekesa. Haya. Mwalimu nitamwambia mwenyewe, ni mtu mwema, atapata mwingine. Lakini msifurahi upesi. Kuna hasira nyingine imebaki, ya kwamba hakuna mtoto atakayeitwa jina langu kwa Mkawasi, na ya hiyo nyumba yenu. Hiyo siwezi kuitoa leo. Sijaiona nyumba. Mtu hatoi hasira ya kitu asichokijua, itakuwa uongo, na uongo haupulizwi."

Shangazi akachukua kibuyu, akakitundika mahali pake.

HARUSI, NA KURUDI

Harusi ilikwenda vizuri, kwaya iliimba, mvua ikangoja mpaka watu washibe. Mimi sikuona sherehe yenyewe sana. Nilikuwa nyuma ya jikoni na mabinti wa nyumba, tumezungukwa na mikungu ya ndizi mbichi. Mama akapita, akasimama juu yangu.

"Nekesa! Nani alikufundisha kumenya hivi? Nusu ya ndizi umeipa maganda. Kwenu mnalisha mbuzi au watu?"

Mkawasi, aliyekuwa mkabala nami, akainamisha uso usionekane, mabega yakitetemeka. Kile kiti chenye kitambaa alikuwa amekikalia mgeni wa kasisi. Nawaambia wazi, katika safari yote ile hakuna neno lililonipendeza kama tusi lile la ndizi.

Likizo yangu iliisha kabla ya yake. Na mama akasema Mkawasi abaki kidogo, amsaidie kumtuliza bibi harusi nyumbani, wavune viazi, kisha waje wote wawili Nairobi, ajionee mwenyewe. Kama mngekuwa pale mngeniona nimesimama njiani Wundanyi nikiwa sijui nicheke au nilie. Mkawasi alinisindikiza mpaka kwenye basi, safari hii akitembea kando yangu, akibeba mfuko wangu kwa nguvu zake zote.

"Na ukibadilisha mawazo huku?" nikamwuliza.

"Nekesa, umeshamwambia mama yangu jina lako. Mimi ningerudi kwa nani mwingine?"

Njiani kurudi sikuitwa sista. Mkanda wa feni haukukatika. Nilikula mahindi ya kuchoma Mtito Andei nikiwa peke yangu, nikawaza yote mpaka Nairobi, na nikafika nikawaambia, "Amebaki," mkaanza kunililia.

Basi, wanafika mwisho wa mwezi, wawili. Mtu wa gari la mboga ndiye aliyeleta habari. Mama anakuja na viazi gunia moja na hasira aliyoiweka. Sijui atasema nini akiiona nyumba. Anaweza kuondoka nayo kama alivyokuja nayo; nimejiandaa kwa hilo, na Mkawasi pia. Lakini Jumapili ile njoni wote kama kawaida, Otieno na mwenzake, Rehema, kila mtu. Msivae kana kwamba mnakwenda mahakamani. Akiwauliza ninyi ni akina nani, mjibuni kwa majina yenu. Akiwapa kibuyu, msinywe.

Na kile kitanda cha chumba cha mbele, ambacho sote tunajua hakijawahi kulaliwa na mtu, tulichokuwa tukikivuruga shuka kionekane kimelaliwa kila mgeni wa kutoka kwetu anapobisha hodi: leo nimekitoa godoro, nimelianika juani, nimekitandika vizuri. Mama atahitaji mahali pa kulala.